Shangazi, wiki ya tisa chuoni na bado sina rafiki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 19 kutoka Arua, niko mwaka wa kwanza Makerere, nasoma Sayansi ya Jamii. Naishi hosteli huku Kikoni na wasichana wawili. Wao wanaongea Luganda mpaka usiku, na wakicheka nahisi ninachekwa mimi. Kwenye mihadhara nakaa nyuma kabisa. Hii ni wiki ya tisa na sina rafiki hata mmoja. Sasa tuna kazi ya kikundi ya kuwasilisha mbele ya darasa baada ya wiki mbili. Nilijitolea kuichapa yote ili wenzangu waseme, lakini mhadhiri ametangaza kwamba kila mmoja lazima azungumze. Nafikiria kumwomba baba nihamie Muni, niwe karibu na nyumbani. Naogopa, kwa sababu aliuza ng'ombe kunilipia ada. Nifanye nini? – Mwenye Haya, Kikoni.*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na Muni. Ni chuo kikuu cha serikali, kimekuwapo tangu 2013, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba kusoma Arua ni kushindwa. Ungeniandikia kwamba kuna kozi kule inayokuita, ningekusaidia kufunga mizigo. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili na hakuna kozi uliyoitaja, umetaja nyumbani tu. Haya yako haitashuka kwenye basi pale Karuma, njiani kwenda Arua, mama. Itavuka daraja la Nile pamoja nawe, na Muni nako kuna kazi za kikundi na wahadhiri wanaotaka kila mtu aseme.

Halafu tazama kalenda. Muhula wa Makerere ni wiki 17, mitihani ikiwa humo humo, kwa hiyo nusu umeshaivuka. Ada ya muhula huu imekwisha kulipwa. Fanya mitihani, pata matokeo, kisha kama moyo bado uko Arua, nenda uulize vizuri kama kozi yako ipo Muni na kama masomo uliyokwisha fanya yatakubaliwa. Baba mpigie wiki hii, umwambie kwamba mambo yamekuwia magumu, maana hilo ni kweli. Habari ya kuhama iache kwanza. Na ng'ombe aliuzwa kwa hiari yake. Usimgeuze mnyama yule kuwa deni la kukukosesha usingizi.

Makerere ilipoanza, mwaka 1922, kundi la kwanza lilikuwa la vijana 14. Hao walijuana hata kwa kikohozi. Leo wanafunzi ni zaidi ya 30,000, na anayekaa nyuma ya ukumbi akitoka wa kwanza hakuna atakayemfuata kumuuliza jina. Kwa hiyo hama kiti. Safu ya tatu au ya nne, upande mmoja, kiti kile kile kila siku. Sikuambii uzungumze na mtu. Kaa tu. Watu wanaokaa karibu na hapo nao wana viti vyao, na siku moja mmoja atakosa mhadhara aombe noti zako. Wanafunzi wenye haya mara nyingi wana noti nzuri, na noti nzuri zina wateja.

Wenzako wa chumbani: hivi unajua wanacheka nini? Hujui, kwa sababu hujui Luganda, na wao pengine hawajui kwamba hujui. Kampala ina ugonjwa huo wa kudhani kila mtu anaelewa. Waambie wazi, kwa Kiingereza au Kiswahili, lolote litakalokuja: "Mimi Luganda sijui, nifundisheni." Asubuhi anza wewe na "Wasuze otya", yaani umeamkaje, hata kama matamshi yamepinda. Wakicheka hapo, angalau utajua wanachocheka. Zoezi jingine la bei nafuu liko Wandegeya, kwa muuza rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Nenda kwa yule yule kila mara, umsalimie, umwambie vitunguu vizidi au vipungue, useme "Webale ssebo", yaani asante bwana, uondoke. Ni mazungumzo ya dakika mbili na mtu asiyekupa alama.

Ukizidiwa na upweke, Jumamosi shuka Arua Park, hapo hapo Kampala, ule chakula cha kwenu na usikie Kilugbara na Kiswahili mpaka masikio yashibe. Ila isiwe kila Jumamosi. Wapo wanaomaliza miaka mitatu Kampala wakiwa kimwili tu.

Kuna jambo moja hukuliandika, nami siwezi kulipita. Kama usingizi umekata, chakula hakipiti, unalia bila sababu au umeanza kukosa mihadhara, hilo limevuka haya. Makerere ina kituo cha ushauri nasaha kwa ajili ya wanafunzi. Nenda. Ukishindwa kusema mlangoni, andika kwenye karatasi yale uliyoniandikia mimi, uwape wasome.

Sasa kazi ya kikundi. Kujitolea kuchapa kila kitu kulikuwa ujanja wa kujificha, na mhadhiri wako ameuona. Usichape yote; wenzako nao wana vidole. Omba sehemu ya kwanza kabisa: kutaja majina ya kikundi, mada, na swali mnalojibu. Sentensi tano au sita, unakaa. Watu wenye haya huomba wawe wa mwisho, na hapo ndipo wanapojiumiza, kwa sababu dakika zote wenzao wakisema, wao mioyo inadunda na maneno yanayeyuka. Akifungua, mtu anamaliza kabla hofu haijapanda. Sentensi hizo zikariri kwa sauti, si kwa kusoma kimoyomoyo. Siku moja kabla, jioni, ingia ukumbi huo ukiwa mtupu, simama pale mbele, uzitamke huku ukitazama viti. Mikono ikitetemeka siku yenyewe, shika daftari gumu, si karatasi moja, kwani karatasi hutangaza.

Mwandikie kiongozi wa kikundi leo, kabla hujala: "Naomba nifungue mimi." Usiongeze maelezo.