Ukija na Kamera, Njoo na Jina Lako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, nimeuza kiwanja nimenunua kamera. Nikifika Marekani nitapata kazi?" Siku tatu sikumjibu.

Mdogo wangu, nilitua Minneapolis Februari 2013 na begi la lenzi. Dar nilikuwa nimeshuti harusi mpaka ma-MC wakawa wananitaja mimi kabla ya bwana harusi. Huku nilipakia maboksi ghalani, usiku, miaka miwili. Hiyo tuiruke, haina utamu.

Kwenye seti yangu ya kwanza ya filamu nilikuwa mvuta nyaya. Siku ya tatu mhusika mkuu, dada mweusi kama mimi, alikuwa anapotea kwenye monita. Mkuu wa kamera akaongeza taa, akaongeza tena, ukuta ukawa mweupe, dada bado kivuli. Nikamnong'oneza: zima ya nyuma, tandaza shuka jeupe ubavuni, mwanga udunde hapo ndio umfikie shavuni. Mbinu ya mabibi harusi wa Temeke hiyo! Akajaribu. Seti nzima kimya.

Filamu ilipotoka nilikaa ukumbini mpaka majina yote yakapita. Langu halikuwemo, hata kwa wavuta nyaya. Nikauliza. Nikaambiwa lilikuwa refu, waliogopa kulikosea. Bado linaniuma, sitaficha.

Baadaye nikasoma habari za Vilmos Zsigmond na László Kovács, wapiga picha za filamu, Wahungaria waliorekodi vifaru vya Kisovieti vikivamia mji wao mkuu, Budapest, mwaka 1956, wakavusha mikanda ile hadi Austria. Marekani, Zsigmond alianzia kwenye maabara za picha, na filamu zake za mwanzo, za bajeti ndogo, zilimwandika "William". Oscar aliyopewa mwaka 1978 aliipata kwa jina la Vilmos. Wewe una haraka gani?

Kwa hiyo jifunze mwanga. Kamera hupitwa na wakati, mwanga haupitwi. Jina lako liandikwe kwenye mkataba, herufi kwa herufi, kabla hujagusa waya. Halafu jifunze mwanga, narudia, maana vijana mnapenda lenzi kuliko kuangalia.

Tena usisubiri viza. Kesho saa kumi na moja jioni mkalishe mama karibu na dirisha, zima taa zote, umshuti dakika moja. Nitumie. Na uniandikie jina lako lote, la baba na la babu.