Soko huria gani hili, wanunuzi wote bei moja?

SWALI: Shikamoo mhariri, mimi ni mama nina shamba la machungwa huku Muheza. Msimu ukifika wanunuzi wanakuja wa Dar, wa Mombasa, ila wote wanataja bei ile ile, nikilalamika dalali ananambia mama hili ni soko huria, hakuna wa kumpangia mtu. Ndo maana yake kweli?
Mama Machungwa, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, huyo dalali kakudanganya na imeniuma.

Soko huria asili yake ni watu kuchoka kubanwa. Ufaransa karne ya 18 hata kutoa nafaka mkoa huu kupeleka mkoa ule ilikuwa vibali na ushuru njia nzima, wakatokea watu wakasema waacheni wafanye, waacheni wapite, na mwenzao Turgot alivyopewa uwaziri wa fedha 1774 akafungulia biashara ya nafaka. Sisi huku tuliita ruksa, enzi za Mzee Mwinyi. Aliyepanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80 anajua ruksa ilituokoa na nini, mimi sitaki ile hali irudi kabisa. Ndo maana wakisema Wakenya wazuiwe Muheza nakataa, ukimfukuza mnunuzi wa Mombasa wanabaki wachache zaidi wa kukubana.

Sasa sikiliza. Adam Smith, yule wanayemwita baba wa mambo haya, kwenye kitabu chake cha 1776 aliandika kabisa kwamba wafanyabiashara wa kitu kimoja ni nadra wakutane, hata kwenye starehe tu, bila maongezi kuishia kwenye njama dhidi ya wananchi au mbinu ya kupandisha bei. Wako wewe wanashusha lakini njama ni ile ile. Uhuru ni wanunuzi wagombanie mzigo wako, siyo wapatane kwanza barabarani ndo waingie shambani. Na hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani. Andika tarehe, bei waliyotaja, nani kataja, na majirani zako nao waandike, mkienda watu kumi na madaftari ni tofauti na mtu mmoja na maneno.

Halafu mwanangu usichume kabla hamjakubaliana bei. Chungwa likiwa mtini bado una muda, likishakaa chini na joto hili mnunuzi ndo anasubiri, wewe unahesabu yanayooza.