Ruhusa iwepo, lakini ipitie kwa daktari wa ugonjwa huo

Swali la wiki limeuliza kama sheria imruhusu mgonjwa wa matatizo ya ulaji kupewa bangi ya tiba ili hamu ya kula irudi. Nasema ndiyo, kwa mtu mzima, mkononi mwa daktari anayemtibu ugonjwa wenyewe. Kwa utaratibu wa hapa California ninakoishi, nasema hapana.

Huku ruhusa ipo tangu 1996, wapigakura walipopitisha Pendekezo 215. Anoreksia, neno la kitabibu la kukosa hamu ya kula, imetajwa humo kwa jina, pamoja na saratani, UKIMWI na glakoma, ugonjwa wa macho. Lakini tukumbuke enzi yenyewe. UKIMWI ulikuwa umewakausha watu San Francisco, na waliopigania sheria ile waliwaona wenzao wakishindwa kula huku wakitamani kula. Tayari mwaka 1992 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikuwa imeidhinisha vidonge vya dronabinoli, yaani THC (kiini cha bangi kinacholevya) iliyotengenezwa maabara, kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokosa hamu ya chakula na kupungua uzito.

Anoreksia nevosa, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, ni maradhi mengine. Nimemuuguza binti yangu, na njaa alikuwa nayo, tena kali. Usiku alikuwa akisoma mapishi. Alitupikia pilau nyumba nzima, yeye haonji. Kilichomfunga mdomo ni hofu ya kunenepa, na mtu anayeiogopa njaa yake ukimzidishia njaa unaweza kumzidishia hofu. Mwaka 1983 watafiti Marekani waliwapa THC wagonjwa 11 wa anoreksia nevosa, wakailinganisha na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Haikuwa bora, na watatu walipatwa na mfadhaiko mkali.

Utafiti wa Denmark wa 2014 unatia moyo kidogo. Wanawake 25, wote watu wazima waliougua miaka mitano au zaidi, walipewa dronabinoli miligramu 5 kwa siku, wiki nne. Waliongezeka kilo 0.73 kuliko walipokuwa kwenye vidonge visivyo na dawa. Siidharau nusu kilo na ushee kwa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Ndiyo maana sisemi mlango ufungwe. Ila wale walipewa kipimo kidogo kinachojulikana, na walikuwa chini ya uangalizi.

Hapa California daktari haandiki cheti cha dawa ya bangi, anatoa barua ya kuipendekeza tu. Ale au avute, kiasi gani, mara ngapi, hayo huamuliwa kwenye kaunta ya duka na muuzaji ambaye hajaona vipimo vya damu vya mteja wake. Hilo ndilo linaloniuma. Moyo wa mtu aliyekonda kwa anoreksia hupiga polepole mno, na potasiamu ikishuka mapigo huvurugika. THC huyakimbiza mapigo hayo, na inaweza kushusha presha mtu akisimama ghafla. Anayejitapisha naye yuko hatarini, kwa kuwa bangi ikitumiwa muda mrefu kwa baadhi ya watu huleta kutapika kusikokoma. Nani pale dukani atatofautisha kutapika huko na kujitapisha?

Kuhusu watoto na vijana sina mjadala. Wao wana tiba ya familia, iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London: wazazi hushika usukani wa kila mlo mpaka uzito urudi, kisha kijana hurudishiwa madaraka yake taratibu. Ndiyo iliyomnyanyua binti yangu. Inachosha. Kuna sahani moja ya wali tuliyoikalia mpaka magharibi, analia, nami nalia. Tena kumpata mtaalamu anayeijua, na bima ikubali kumlipa, ilikuwa vita peke yake.

Kwa hiyo wabunge wakitaka kusaidia, waanze na malipo ya tiba hiyo. Kisha wawaruhusu madaktari wa kliniki za matatizo ya ulaji kuandika THC yenye kipimo maalumu kwa mtu mzima aliyeugua miaka mingi na ambaye tiba nyingine zimeshindwa, apimwe moyo na damu kabla ya kuanza na kila anaporudi kliniki, na isitishwe uzito usipopanda au hofu ikizidi.