Ukifika kaunta ya polisi: kwa wasaidizi wa kisheria mnaoanza kazi Tabora

Nyie mliomaliza mafunzo juzi, hata kabla hamjapata mteja wa kwanza mtaulizwa swali moja kila mtakapokwenda: kijiweni Kiloleni, kwenye foleni ya dawa Kitete, mnadani, hata msibani. "Wewe uko upande wa polisi au wa wananchi?" Jiandaeni, kwa sababu anayeuliza huwa ameshakupangia jibu.

Kijiweni kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema polisi ni walewale, ukiona difenda geuza njia. Ya pili inasema askari siku hizi hawaheshimiwi, kila mwenye simu anamrekodi afande, watu waachwe wafanye kazi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na yaliyofuata, ubishi huu umeingia hadi ndani ya nyumba. Najua familia hapa mjini ambayo baba na mtoto hawaangalii tena taarifa ya habari pamoja. Mimi huwa najibu kwamba niko upande wa aliyeko ndani asiyejua kwa nini yuko ndani, na kwamba askari anayefuata sheria hana cha kuniogopa. Halafu nanyamaza, maana ubishi wa kijiweni haujawahi kumtoa mtu mahabusu.

Kinachomtoa ni saa, majina na karatasi. Ndugu wa mtuhumiwa atakuja kwako analia, "Mwanangu wamemchukua." Mpe kiti, mpe maji, kisha muulize: walimchukua saa ngapi? Walikuwa wangapi, wamevaa sare au nguo za kiraia? Walisema wanampeleka kituo gani? Nani mwingine aliona? Wengi mtataka kuanza na "kafanya nini", na huko ndiko mnakopotea, kwa sababu mama hajui, na hata akijua atakupa toleo la mama. Saa anaijua. Alikuwa anaandaa futari, au ndio ameanua nguo, au treni ilikuwa imeingia stesheni. Andika.

Saa ina maana kubwa kwa sababu ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Mtu akikamatwa bila hati kwa kosa la kawaida, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kumfikiria dhamana. Kosa likiwa zito, dhamana ya kituoni inaweza kukataliwa, lakini hata hapo sheria inataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Mlielewe vizuri hili, kwa sababu mtaani watu wanasema "saa 24 zikiisha lazima waniachie," na mteja wako akilirudia hilo kaunta katika kesi ya mauaji, askari atacheka na wewe utaonekana hujui kazi. Msikariri namba za vifungu kama kasuku pia. Sheria zikifanyiwa marejeo namba zinahama. Kariri kanuni: aelezwe sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili, mwanamke apekuliwe na mwanamke, maelezo asomewe kabla ya kusaini, asipigwe. La mwisho liko kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(e), inayokataza mateso na adhabu za kutweza. Hiyo ibara ndiyo mnaruhusiwa kuikariri.

Sasa kaunta yenyewe. Kituo kimoja kidogo nje ya mji, ambacho sikitaji, nilikwenda asubuhi kumfuatilia kijana wa bodaboda. Kwenye zamu alikuwepo askari wa umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na zamu."

"Nishapoa. Nikusaidie nini?"

"Namfuatilia kijana wetu, naambiwa yuko hapa tangu jana saa kumi jioni. Naomba uniangalizie kama ameandikwa, na ni kosa gani."

Akavuta kitabu cha mahabusu, akapitisha kidole. Jina lilikuwepo. Muda wa kuingia ulikuwa umeandikwa: leo, saa mbili asubuhi.

Hapo ndipo mgeni wa kazi hii huanza kupaza sauti, "Mmeghushi!" Na akishapaza sauti mambo yanabadilika: sasa kuna mtu anafanya fujo kituoni, na kijana wa bodaboda ameshasahaulika. Nilichosema ni, "Sawa baba. Naomba na mimi uniandike kwamba nimefika, na saa nilizofika." Akaniandika. Nikarudi mtaani, nikamtafuta mwenyekiti wa mtaa na wenzake wawili wa kijana huyo pale kijiweni walioshuhudia akichukuliwa, kila mmoja akaandika kwa mkono wake alichokiona na saa. Barua ikaenda kwa mkuu wa kituo, na nakala kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Haikuwa na tusi hata moja. Kijana alipata dhamana jioni ile ile, na mkuu wa kituo mwenyewe akanipigia kuniuliza kama kuna la ziada. Sijui yule askari aliambiwa nini ndani. Mimi nikipita pale hadi leo ananiamkia.

Wapo wenzetu wanaoona kumwita askari "baba" au "afande" ni kujipendekeza. Mimi naona ni adabu ya kawaida ya huku kwetu, na ina faida yake pia: ukimsalimia mtu vizuri mbele ya watu, akikujibu vibaya kila aliyepo pale anajua nani kakosea. Heshima haikuzuii kudai kitabu kifunguliwe. Wala msiende kwenye upande wa pili, ule wa kucheka na maafande na kununuliana soda hadi mteja anashindwa kujua umekuja kwa ajili ya nani.

Jambo lingine ambalo mafunzoni halikutiliwa mkazo: siyo kila "polisi" ni polisi. Mkoa wetu una misitu ya hifadhi na mapori mengi, una wafugaji, warina asali na wachoma mkaa, na watu wanakamatwa na watu wa aina nyingi. Kuna mgambo wa halmashauri. Kuna askari wa misitu wa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na askari wa wanyamapori. Na kuna sungusungu, ambao waliibuka huku huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda watu, na serikali ikaja kuwatambua kisheria baadaye. Mzee wa Nzega au Igunga anaweza kukwambia "askari walinichapa" akimaanisha vijana wa kijiji chake mwenyewe. Ukikimbilia kwa OCD na malalamiko hayo utarudishwa, na siku ukienda na malalamiko ya kweli hutasikilizwa vizuri. Uliza sare ilikuwa rangi gani. Uliza gari lilikuwa na namba gani, waliingia kwa mwenyekiti au walipita moja kwa moja. Uliza alipelekwa wapi kwanza: ofisi ya kijiji, kambi ya porini, au kituo. Ni maswali ya dakika kumi.

Kuhusu fedha sina maneno mengi. Dhamana ya polisi ni bure, na vituo vingi vimeandika hivyo ukutani. Familia watakuletea bahasha wakikuomba "umfikishie afande hela ya mafuta", kwa sababu wewe unaingia kituoni na wanakuamini. Usiishike bahasha hiyo hata kwa dakika moja. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 anayetoa yumo sawa na anayepokea, na katikati yao utakuwepo wewe. Wakiombwa fedha, wapige TAKUKURU, 113, na wafuate watakachoelekezwa.

Kuhusu kipigo, mambo ni marefu zaidi. Mtu aliyepigwa anahitaji PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, na PF3 hutolewa na polisi. Mnaona ugumu: amepigwa kituoni, na karatasi inatoka kituoni. Usimrudishe kaunta ile ile peke yake. Nenda naye kituo kikubwa au kwa OCD, ueleze kwa ufupi ombi lako. Akiwa katika hali mbaya, hospitali kwanza. Uhai hausubiri fomu, na waganga wanajua hivyo. Mwombe mganga aandike majeraha jinsi yalivyo, sehemu ya mwili, ukubwa na rangi, badala ya "maumivu ya mwili mzima". Michubuko ya nyayo inafifia haraka, kwa hiyo usiseme tutakwenda Jumatatu. Na kama aliyepigwa alisaini maelezo ya kukiri, mweleze kwamba hayajamfunga: maelezo ya kukiri yanatakiwa yawe ya hiari, na mbele ya mahakama mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka.

Mtasikia sana kwamba ni kazi bure, askari hashtakiwi. Wapeni mifano. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2012, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Katika kesi ya mfanyabiashara wa madini aliyeuawa Mtwara Januari 2022, Mahakama Kuu iliwahukumu askari wawili adhabu ya kifo Juni 2025. Na hapa kwetu Tabora, mfanyabiashara mdogo aliyekamatwa mwaka 2018 alijikuta na kesi ya mauaji. Barua yake ikachapishwa gazetini Machi 2019, Rais Magufuli akaagiza ifuatiliwe, Mkurugenzi wa Mashtaka akabaini kwamba alibambikiwa, kesi ikafutwa. Wengi wanaikumbuka kesi ile kwa sababu ya jina la Rais. Mimi naikumbuka kwa sababu mtu wa kawaida alikaa akaandika yaliyompata. Bado inaniuma kwamba ilibidi ifike Ikulu. Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 kuangalia taasisi za haki jinai, ilipendekeza Jeshi la Polisi lifanyiwe mageuzi makubwa, na ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huo huo. Msiisubiri ianze kufanya kazi yenu.

Kambi ya pili ya kijiweni nayo ina hoja, na mkiipuuza mtakuwa wanaharakati wa nusu. Aprili 2017 askari wanane waliviziwa na kuuawa Kibiti, siku moja. Askari wa kituo cha kata anaweza kuwa peke yake usiku, gari halina mafuta, na kundi la watu wenye hasira linamletea mwizi nusu mfu likitaka amrudishe nje limmalizie. Yule anayemfungia mwizi huyo mahabusu ameokoa maisha, na siku hiyo hakuna anayemrekodi. Nikiona askari amefanya vizuri nami huandika barua, kwa OCD huyo huyo. Hilo ni la haki tu, ingawa sikatai kwamba barua ya malalamiko inayofuata baadaye husomwa kwa utulivu zaidi.

Jihadharini na idadi. Oktoba 2018 kulitokea mapigano Mpeta, Uvinza, kwa majirani zetu wa Kigoma, kati ya polisi na wafugaji, na watu wakafa, wakiwemo askari. Zitto Kabwe alitaja hadharani kwamba wananchi waliouawa walizidi mia. Akashtakiwa kwa uchochezi, na Mei 2020 mahakama ikamtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa kauli za namna hiyo kwa mwaka mmoja. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kesi ile, na mimi ninayo. Lakini yeye alikuwa mwanasiasa mwenye mawakili. Wewe ni msaidizi wa kisheria wa kata, na ukiandika kwenye grupu la WhatsApp "wameua kumi" wakati una majina mawili, umeyapoteza na hayo mawili. Andika yale mawili.

Video ya tukio ikikufikia, isambaze kwa mtu mmoja tu, yule atakayeifanyia kazi. Ihifadhi ilivyo, bila kuikata wala kuiwekea muziki, na muulize aliyeirekodi kama yuko tayari kuitwa shahidi. Asipokuwa tayari, msimshinikize. Anaishi mtaa huo huo.

Na mteja atakudanganya. Atasema alikuwa amelala, kumbe alikuwa na pikipiki ya mtu. Usimtupe kwa hilo. Haki ya kutopigwa haikuwekwa kwa ajili ya wasio na hatia pekee, na ndiyo maana hushangazwi ukisikia alikuwa mwizi kweli. Ila usiape kwa niaba yake mbele ya afande. Sema, "Ananiambia hivi," na uishie hapo.

Barua zote ziwe na nakala, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi uwe na tarehe. Ukienda kwa mkuu wa kituo, kisha OCD, kisha RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na kimya kikazidi, peleka kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haitozi ada. Tume haichunguzi jambo lililoko mahakamani, kwa hiyo angalia kwanza kama shauri limefunguliwa. Likiwa limefunguliwa, mkumbushe mteja kwamba wewe huruhusiwi kumtetea mahakamani, tafuteni wakili. Siku ya kwanza akisimama mbele ya hakimu aseme mwenyewe kwamba alipigwa, wapi na lini, aonyeshe alama kama bado zipo, na aombe iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Fanyeni naye mazoezi ya hayo maneno mapema, maana pale kizimbani wengi husahau hadi majina yao.