Giaboksi haiingii mpaka mwisho baada ya kubadilisha klachi

Kama imebaki sentimita moja au mbili na haisogei, acha kuivuta kwa boliti! Hapo ndipo watu huvunja masikio ya giaboksi au kupinda kitovu cha pleti ya klachi. Mara nyingi pleti haiko katikati. Legeza boliti za presha pleti (kifuniko kinachobana pleti ya klachi) kidogo tu, ingiza kifaa cha kusenta (au kipande cha mti kilichozungushiwa tepu hadi kijae tundu), kisha kaza kwa kukatiza (boliti moja, halafu ya mkabala wake), nusu mzunguko kila boliti, ukimalizia na torki (kipimo cha nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari.

Hakikisha pia pleti haikugeuzwa: kwa kawaida upande wenye springi zilizotokeza hutazama giaboksi. Ikigeuzwa, klachi haitaachia.

Ukirudia, ingiza gia yoyote na umwombe mtu azungushe shafti ya kutokea (inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) pole pole huku wewe ukisukuma. Meno ya shafti ya kuingilia na ya pleti yatapatana yenyewe. Jeki ibebe uzito muda wote. Giaboksi ikining'inia kwenye shafti hiyo ya kuingilia, pleti mpya hupinda na klachi itaburuta (haitaachia vizuri).

Kabla ya kufunga, angalia oili sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili ya injini isivuje), maana ikivuja baadaye unashusha kila kitu upya. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando mwembamba tu. Ikizidi hurukia pleti na klachi inateleza. Pini za kulenga (zinazoweka giaboksi sawa na injini) zipo zote mbili? Wengi huzisahau sakafuni.