Mashamba ya kale Engaruka, mbona chini hayaonekani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwaka jana tulipita Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, tukielekea Ziwa Natron, dereva akasema hapo kuna mashamba ya zamani yanaonekana vizuri kwa picha za ndege. Mi nilishuka nikaona mawe tu. Inakuwaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulikuwa umesimama ndani ya shamba lenyewe! Ukiwa chini unaona mstari wa mawe, hatua kadhaa umeingia kwenye miba na vumbi, unaona hamna kitu. Ila ukipiga picha kutoka juu, hasa asubuhi au jioni jua likiwa limelala, kila ukuta mdogo unatupa kivuli, basi ile mistari inaungana, unaona majaruba ya pembe nne yamepangana kama mkeka, na mifereji inayotoka kwenye mto pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Ni kama hekta 2,000 hivi, watu walilima pale toka karne ya 15 mpaka ya 18, na wanaakiolojia waliochimba pale wamekuta mbegu za mtama zilizoungua. Mi kinachonigusa zaidi ni kwamba sehemu nyingine udongo wenyewe waliutega, walijenga vizuizi vya mawe, maji ya mto yakipita yanaacha tope, mwaka hadi mwaka shamba linanenepa. Hao walikuwa mafundi kwelikweli! Ukirudi tafadhali usihamishe jiwe hata moja.