Angalau wao wako wawili

Wiki iliyopita mliuliza kama tamthilia za kibwege, zile zinazoonyesha maisha kama kitu kisicho na maana, zinamfaa msomaji wa kawaida. Mimi nasema hapana, na kwanza neno lenyewe linanichoma. Bwege mtaani ni mjinga. Baba yangu hakuwa mjinga.

Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, waliambiwa warudi nyumbani, watapigiwa simu wakachukue mafao. Baba akangoja. Kila asubuhi shati limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, anakaa barazani kwetu Magomeni, simu mapajani. Adhuhuri ikiadhiniwa anavua viatu. Jumamosi na Jumapili havai, ofisi zimefungwa. Umeme ukikatika ananituma kwenye kibanda cha kuchajia simu, na nisiondoke pale, maana wakipiga nani atapokea? Miaka miwili hivyo.

Wakati huo nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunasoma ile tamthilia ya Samuel Beckett iliyoigizwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953, ya watu wawili njiani wanaomngoja Godot, na Godot haji. Jioni moja nikamsimulia baba, nikidhani atacheka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kila siku wanaambiwa kesho?"

"Ndiyo baba. Anakuja mtoto kuwaambia."

Akanyamaza kitambo. "Angalau wao wako wawili."

Kesho yake sikwenda kipindini. Nilikaa naye barazani mpaka adhuhuri, hatukuongea sana.

Mwandishi Mfaransa Albert Camus aliandika mwaka 1942 kuhusu Sisyphus wa hadithi za Wagiriki wa kale, anayesukuma jiwe mlimani likaporomoka, akaanza upya, na akasema hatuna budi kumwona ana furaha. Mimi siwezi. Nilimwona baba akivua viatu.

Lakini nikiandika haya nimeikumbuka tamthilia ya *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1995. Wahusika wake wakuu ni Ame na Zidi: neno moja, watu wawili. Darasani tuliliona kama mchezo wa maneno tu. Bila kauli ya baba nisingeelewa kwa nini mmoja asingetosha.

Basi ile hapana yangu ya mwanzo haisimami tena. Zinafaa, ila zisomwe kwa sauti, na mtu wa pili awepo, si kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Hata hivyo si kila kitabu cha jamaa hii. Riwaya ya *Kichwamaji* ya Kezilahabi naipenda mno, lakini mhusika wake mkuu, Kazimoto, anaishia kujiua. Baba sikumpa, na hata leo nisingempa.